Acha Kelele

Siku waliyokutana, hakuna aliyemsikia mwenzake. Ukumbi wa maduka ya simu na kompyuta ulikuwa na spika kila mlango, kila spika na wimbo wake, na wenye maduka wakishindana kana kwamba atakayepunguza sauti kwanza atafukuzwa mjini. Msichana alipita katikati ya ghasia hiyo na gauni la manjano alilolishona mwenyewe, lenye mfuko mkubwa mbele wa kutilia tepu ya kupimia, na kwapani kompyuta mpakato kuukuu aliyoifunga kwa kipande cha pazia. Alisimama mbele ya meza ya kijana aliyevaa koti jeupe lenye matundu ya kuungua.

"Inazima!"

"Unasemaje?"

"Nasema kompyuta inazima!"

"Sasa mbona unanigombeza, dada? Ndiyo kwanza nakuona."

Msichana akacheka, na kucheka kwake ndiko kulikosikika mpaka mlango wa tatu. "Na hilo koti? Wewe daktari?"

"Ndivyo wanavyoniita. Na wagonjwa wangu hawalalamiki."

"Una bahati. Mimi nashona, wangu wanalalamika kabla sijakata kitambaa."

Daktari aliifungua kompyuta, akapuliza, na vumbi la nyuzi likamrukia usoni. Akauliza inatumika kwa kazi gani.

"Kuimbia," msichana akasema, kidevu juu, akisubiri kuchekwa kama alivyozoea. Daktari hakucheka. Aliuliza anarekodi kwa programu gani, na aliposikia kwamba ni ile ya kuibwa inayomdai namba ya siri kila akifika kwenye kiitikio, akatikisa kichwa, akamwekea nyingine.

"Hii ni programu huria. Bure kabisa."

"Bure ghali, Daktari."

"Si hii. Walioitengeneza wameiacha wazi. Unaichukua, unaichokonoa, unampa na jirani. Nadhani walichoka kuomba ruhusa."

"Basi ni ndugu zangu hao."

Daktari alipochukua daftari lake kuandika jina la mteja, msichana alisema aandike Chiriku. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu tangu azaliwe hajanyamaza. Daktari akaandika Chiriku na namba ya simu, basi. Lilikuwa kosa, lakini hakulijua.

Kuanzia hapo simu zikawa haziishi. Chiriku alipiga kuuliza mistari miwili ya sauti inapangwaje, akapiga tena kuuliza kwa nini sauti yake inapasuka. ("Kwa sababu unaimeza maikrofoni, mpenzi." "Nani mpenzi wako?" "Imeniponyoka." "Irudishe, mwenyewe yupo.") Daktari alijifunza kumjua kwa pumzi yake kabla hajasema haloo.

Nyuma ya kila simu kulikuwa na mlio mmoja: taka-taka-taka. Chumba kimoja alichoishi na mama yake ndicho kilichokuwa jiko la riziki, na cherehani ya mama ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, ya chuma, nzee kuliko Chiriku. Mama hakuisimamisha kwa ajili ya wimbo wa mtu.

"Mama, dakika tatu tu."

"Dakika tatu ni mkono mmoja wa shati. Wimbo wako unavaliwa? Acha kelele, Chiriku, nipe mkasi."

Acha kelele. Aliambiwa hivyo na walimu, na jirani wa juu aliyegonga sakafu kwa ufagio, na mchumba wa zamani asiyestahili kutajwa hapa. Kwa hiyo alichotaka sasa kilikuwa kimoja: wimbo wake usikike, mara moja tu, redioni, katika kipindi cha Jumamosi cha wanaoanza. Aliutuma. Redio wakajibu: sauti nzuri, ila kelele ya mashine imezidi, safisha kisha utume tena.

Kusafisha kungewezekana. Programu ile ina kitufe chake: unaionyesha kipande cha kelele tupu, ikishaijua inaifuta wimbo mzima. Chiriku alijaribu. Cherehani ilipotea, na sauti yake ikabaki nyembamba na ya kibaridi, ya mtu anayeimba ndani ya ndoo. Akamwandikia Daktari: "Redio hawataki kelele ya cherehani. Niifute?"

Halafu, kwa kuwa moyo ulikuwa umeshamjaa na yeye si mtu wa kuweka akiba ya maneno, akaandika tena: "Na nakupenda. Haya, nimesema."

Akatuma. Simu ikalia papo hapo. Maneno mawili tu: "Acha kelele."

Chiriku aliyasoma mara nne. Akaizuia namba ile, akalala kifudifudi juu ya marobota ya vitambaa, akalia mpaka satini ya harusi ya mtu ikapata doa. Mama alisimamisha cherehani. Hakuwahi kuisimamisha kabla ya siku hiyo.

"Ni yule wa kompyuta?"

"Amenijibu kama wote."

"Basi rekodi. Nimesimama, kumetulia."

Chiriku akainuka, macho mekundu, tepu ikining'inia shingoni. "Sitaki utulivu, mama. Kanyaga. Kanyaga kwa nguvu."

"Redio je?"

"Wakinitaka, watanichukua na mama yangu."

Mama alikubali kwa sharti moja, maana mfanyabiashara ni mfanyabiashara: wimbo uanze na tangazo lake. Ndivyo ulivyotoka. Kwanza sauti ya mama, kavu, "Kwa kushonewa, mlango wa bluu, nyuma ya kiwanda cha magodoro." Kisha taka-taka-taka. Kisha Chiriku: *Mlisema acha kelele, mimi nimeacha kimya.* Hakumwomba mtu ruhusa. Aliutupa kwenye simu za wateja, nao wakautupa kwa wenzao.

Daktari, maskini, alikuwa na siku kumi na moja za jehanamu. Alipoujibu ule ujumbe alikuwa na chuma cha moto cha kulehemu mkono mmoja na mteja mkali mbele yake. Alipoiangalia simu tena akaliona lile "nakupenda" limeketi juu ya jibu lake. Alipiga, haiingii. Akafungua daftari: Chiriku, na namba ileile. Angemtafuta mlango gani katika mji mzima?

Siku ya kumi na mbili, spika ya duka la mbele ikabadilisha wimbo. Alisikia anwani, akasikia cherehani, akatoka mbio na koti lake jeupe, duka wazi. Wagonjwa wake watatu walibaki matumbo nje.

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unapimwa suruali au umekuja kumliza mtu?"

Chiriku alishika mkasi. "Umesahau nini hapa? Uliniambia nini?"

"Nilikwambia acha kelele. Na umeiacha!" Alikuwa akihema. "Kelele ya cherehani, Chiriku. Uliniuliza uifute. Nikasema acha. Iache ibaki! Ndiyo ngoma ya wimbo. La pili sikuwa nimeliona."

Mkasi ukashuka. Akaitoa simu mfukoni, akatazama saa za ujumbe: wake wa pili na jibu la Daktari, dakika ileile moja.

"Ungeandika 'iache'," alisema, sauti imepungua. "Herufi tano."

"Nilikuwa na kidole kimoja."

Mama alianza kucheka taratibu. "Miaka ishirini na sita namwambia huyu acha kelele. Labda alinielewa hivyo hivyo."

"Na lile la pili?" Chiriku akauliza. "Jibu lake bado."

"Nakupenda. Na nataka kukuoa, mama akisikia."

"Nasikia," mama akasema. "Lakini hanyamazi, mwanangu. Usije ukanirudishia."

"Akinyamaza ndiyo nitamrudisha."

"Mnaniuza kama cherehani!" Chiriku akapaza sauti, anacheka, analia, keshamshika koti kwenye tundu kubwa kuliko yote. "Hili ntalitia kiraka. Nakubali, mwaona? Nakubali!"

Ufagio ukagonga juu ya dari. "Nyie huko chini! Acheni kelele!"

Chiriku akabonyeza kitufe cha kurekodi, mama akaweka miguu kwenye kanyagio, na wote watatu wakamjibu kwa pamoja:

"Tumeiacha!"