Ngoja Taarifa ya Habari Iishe

Nina umri wa miaka arobaini na sita, na ni mjane wa hapa Nyaishozi. Kusoma nilijifunza mwaka 1951, nikiwa tayari mama wa watoto wanne, katika darasa la watu wazima. Hilo nalisema kwa fahari. Haya yanayofuata nayaandika kwa uchovu...

Mwezi Aprili 1957 marehemu mume wangu, Rwiza, alinunua redio ya betri. Jioni majirani walijaa uani kwetu. Wengi walijua Kinyambo tu, hivyo mimi ndiye niliyewafasiria taarifa ya habari. Wa kwanza kufika alikuwa Byabato, tuliyemwita Ta Byabato kwa heshima. Yeye na mume wangu walikuwa wamekula mkago: walichanjana, wakatafuna buni zilizopakwa damu zao. Ndugu wa namna hiyo hawatengani mpaka kaburini. Ndivyo tulivyoamini!

Kisha siasa ikaingia. Mume wangu alikuwa upande wa chama kilichodai uhuru. Ta Byabato alisimama na mtemi na serikali. Kila habari niliyoifasiri ilizusha ubishi. Jioni moja Ta Byabato aliniuliza mbele ya watu, "Shemeji, hayo kayasema msomaji wa Dar es Salaam, au kayasema mumeo mlipokuwa jikoni?"

Nilitazamia mume wangu anitetee. Akacheka tu. "Asiyeamini akanunue yake!"

Naye akanunua... Tangu Januari 1958 zikawa zinaunguruma redio mbili, katikati yake migomba tu. Kituo kile kile, sauti ile ile, habari zile zile! Lakini kilichoshangiliwa kwetu kilizomewa kwao. Hata pombe ya ndizi hatukunywa tena pamoja.

Jumanne, tarehe 16 Septemba 1958, mume wangu alishikwa na tumbo la ghafla. Huku kwetu mgonjwa hubebwa kwa machela, majirani wakipokezana mabegani mpaka hospitali. Wanaume wa upande wetu wote walikuwa kwenye mkutano wa chama, kijiji cha Ndama. Ningefanya nini? Nilikimbia kwa Ta Byabato. Nilikuta wanaume wenye nguvu zao wameizunguka redio. Nikapiga magoti, mimi nisiyewahi kumbembeleza mtu!

"Ta Byabato, ndugu yako anakufa."

Hakuinua uso. "Shemeji, ngoja taarifa iishe."

Mmoja akadakia, "Si ana chama? Chama kimbebe!" Wakacheka.

Taarifa ilipokwisha, Ta Byabato aliinuka na wenzake, wakambeba. Nusu ya njia mume wangu alikata roho, vidole vyake vimeng'ang'ania shati la Ta Byabato.

Ta Byabato alilia kuliko mimi. Kaburi alilichimba peke yake, akakataa kupokewa jembe. Je, nimemsamehe? Ananisalimu, naitikia... Zaidi ya hapo sina nguvu.

Ndugu wasomaji, sikilizeni habari, na mkitaka bishaneni. Lakini jirani akikuita, nakusihi, inuka kwanza! Ubishi utaukuta kesho. Yeye huenda usimkute.

Nilipokuwa pale magotini, masikio yangu yaliendelea kufasiri yenyewe, kwa mazoea. Neno kwa neno naikumbuka taarifa ile. Ilieleza bei ya katani, kisha mvua za pwani. Chama hakikutajwa. Mtemi hakutajwa.