Mti wa Tatu

Aliyeniambia kwanza habari hii ni Zipporah, mpishi wa uji pale zizini. Ilikuwa Jumanne, jua linazama, nami nilikuwa naanua vitambaa vya matandiko ya farasi uani.

"Mama Viola," alininong'oneza, "ule mti wa tatu farasi hawautaki. Leo ameanguka mtoto mwingine. Huyo Maina mwangalie vizuri."

"Nimwangalie kwa nini?"

"Mimi sisemi. Nina watoto mimi."

Likizo ile ya Agosti, zizi la farasi la upande wa Kuruwitu lilikuwa likifundisha watoto kwa wiki nzima. Mimi nilikuwa mfuaji nguo pale, kwa hiyo binti yangu Viola, mwenye miaka tisa, aliruhusiwa kujifunza pamoja na wenzake. Farasi wake aliitwa Tende. Jumamosi, mbele ya wazazi wote, angepita naye juu ya miti mitano iliyowekwa kimo cha goti.

Miti hiyo aliileta Maina, mwalimu wa farasi, mtu wa bara. Aliinunua mikuukuu kwa mwenye lori aliyetoka pande za Kaloleni. Mume wangu, Kyalo, ndiye seremala aliyeikata ikalingana urefu, akaipaka rangi nyeupe na nyekundu.

Jumatano niliangalia mwenyewe. Tende alipita mti wa kwanza. Akapita wa pili. Alipofika wa tatu alisimama ghafla, masikio nyuma, akitetemeka kama amemwagiwa maji baridi. Viola alining'inia shingoni mwake. Almanusura aanguke.

"Macho yananiwasha, mama," aliniambia aliposhuka. Tangu Jumapili alikuwa akiyafikicha. Nilidhani ni vumbi la majani makavu.

Alhamisi, magharibi, nilimwona Maina amechuchumaa peke yake kwenye mti ule. Alikuwa akiumwagia kitu kutoka kwenye kibuyu, huku akisema maneno polepole.

"Mwalimu, wafanya nini?"

Alishtuka. "Molasi tu, Mama Viola. Farasi akinusa utamu atazoea."

Lakini harufu iliyonijia haikuwa ya molasi. Ilikuwa ya pombe ya mnazi iliyochacha.

Nilitaka kusema mtoto wangu hataruka. Badala yake nikajiendea zangu. Mimi mbele za watu sauti hunipotea, tangu utotoni.

Ijumaa nilisahau vitambaa uani, nikarudi kuvichukua. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Uwanjani hapakuwa na mtu. Farasi wote walikuwa ndani ya zizi, vichwa nje ya milango...

Wote walitazama upande mmoja.

Nilisogea hadi kwenye mti wa tatu. Nikakwangua rangi kwa ukucha. Chini yake palikuwa na pembetatu ndogondogo, zimechongwa kwa mpango, safu hadi safu. Mimi ni Mgiriama. Mti ule naujua. Ni kigango, anachosimamishiwa mzee wa heshima akifa, ili roho yake ipate pa kukaa. Hakiondolewi pale kilipowekwa. Wala hakirukwi.

Nikapapasa upande wa juu, palipotakiwa kuwa na uso wa mviringo. Palikuwa pamekatwa kwa msumeno.

Harufu ya mnazi ikaja tena. Nyuma yangu mtu akakohoa, kikohozi cha mzee. Akasema kwa Kigiriama, taratibu, kama anayeulizia tumbaku yake:

"Mjukuu wangu, kichwa changu kiko wapi?"

Sikugeuka.

Nilikimbia hadi nyumbani, vitambaa nimeviacha palepale. Nilimkuta Viola akila ugali kwa dagaa, amekaa juu ya kigoda chake kipya. Kigoda cha mviringo, cha miguu mitatu. Baba yake alimpa Jumapili.

"Baba Viola," niliuliza, "kigoda hiki ulikitoa wapi?"

"Kipande kilichobaki kwenye ile miti ya farasi." Akacheka. "Mti mgumu ule! Msumeno ulilia kama mbuzi. Kwani kimekuuma?"

"Hukuona kilichochongwa?"

"Niliona madoadoa. Nikageuzia chini, mtoto akalie palipo laini."

Kyalo ni Mkamba. Hakujua, na wiki nzima mimi nilikuwa namshuku Maina.

Nilimwinua Viola, nikamkalisha mkekani. Kigoda sikuthubutu kukigusa usiku ule.

Alfajiri, kabla sijamwamkia mtu, nilikipindua. Uso ulikuwepo. Miguu miwili Kyalo alikuwa ameipigilia kwenye macho, wa tatu kidevuni. Nilichukua koleo lake nikang'oa. Wa kidevuni ulitoka. Wa jicho la kulia ukatoka. Wa kushoto ulivunjika, msumari ukabaki ndani.

Niliufunga uso ule kwa leso yangu, nikamshika Viola mkono, tukaenda zizini. Wazazi walikuwa wameanza kufika. Tende alikwisha fungwa tandiko.

"Viola haruki," nilisema. Sauti ilitoka kubwa hata mimi nikaishangaa. "Hamruki mtu. Na mti huu nauchukua, unarudi Kaloleni leo."

Maina hakubisha, wala hakuuliza kwa nini. Aliushika mti upande mmoja, akauinua taratibu, kama mtu abebaye mgonjwa.

"Nilimwomba siku tatu usiku," aliniambia chini chini. "Hakuniambia anataka nini."

Sikumuuliza alijuaje kwamba ni mtu.

Tulipopita mbele ya zizi farasi waliinamisha vichwa, wakaendelea kula. Nilimtazama binti yangu. Jicho la kulia lilikuwa safi, halimwashi tena.

La kushoto bado alikuwa akilifikicha.