Mstari wa Kumi na Tano

– Mstari wa kumi na tano, rudia.

– Mwanafunzi: kimya, alisoma Askofu.

– Kimya hicho kilikuwa cha nini?

Askofu akakohoa. Hakuwa askofu, jamani, alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo cha uchungaji. Wenzake walimbatiza jina hilo kwa sababu ya viatu vyake vyeusi vinavyolia kwii kwii, kwamba hata akija kimya kimya watu wanasimama kama kaingia askofu wa kweli. Wanafunzi watano walikuwa wamepelekwa hospitali kwa miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo. Unaingia wodini, unaongea na mgonjwa, ukitoka unaandika kila neno lililosemwa, mistari yote na namba zake, jina la mgonjwa huweki. Halafu unaisoma kwenye kile chumba kidogo nyuma ya stoo ya mashuka, mlango umefungwa, na Msimamizi anakuchana. Msimamizi alikuwa mama mmoja, mwenyewe mchungaji wa miaka mingi, miwani puani, peni nyekundu mkononi. Sauti hapandishi. Hapo ndipo ubaya ulipo.

– Rudi nyuma kidogo. Kumi na mbili.

Askofu akasoma:

– Kumi na mbili. Mgonjwa: Nilikuwa mchungaji miaka mitatu. Siku mke wangu anajifungua niliitwa kwenye msiba, nikaenda. Niliporudi nilikuta mtoto yupo, mama hayupo. Binti yangu hajui. Anajua nilikuwa fundi umeme tangu zamani na siku hiyo nilikuwa safari ya kazi. Sasa kuna kijana anasomea hayo hayo, anataka kumuoa. Kumi na tatu. Mwanafunzi: Unamfahamu huyo kijana? Kumi na nne. Mgonjwa: Simjui na sitaki kumjua. Kumi na tano. Mwanafunzi: kimya.

– Kwa nini ulinyamaza?

– Sikuwa na la kusema.

– Wewe? alidakia mwenzake mmoja. Wewe uliyemhubiria mlinzi wa getini mpaka akasahau kufungua geti?

Wakacheka. Msimamizi hakucheka. Akageuza karatasi mpaka chini kabisa, kwenye sehemu ya tafakari, pale ambapo kila mwanafunzi lazima ajibu swali moja: Mungu alikuwa wapi kwenye mazungumzo haya?

– Hapa umeacha wazi. Siku zote unajaza ukurasa mzima.

Askofu akainamia viatu vyake.

– Huyo kijana ni mimi.

Msimamizi akaweka peni chini.

– Ulijua kabla ya kuingia?

– Nilijua. Mchumba wangu yuko mji mwingine. Alinipigia akaniambia baba yake kalazwa hapa hapa, wodi ya tano, kitanda cha kumi na moja. Akasema nisiende, mzee hanitaki. Na wodi ya tano ndiyo niliyopangiwa.

– Ungekuja kwangu nikubadilishie wodi. Dakika mbili tu.

– Nilitaka kujua kwa nini hanitaki.

– Ukaingia na kitambulisho cha mwanafunzi, ukatoka na siri ya mkwe, alisema Msimamizi. Kesho saa nne asubuhi unakwenda kumwambia wewe ni nani. Usipokwenda, fomu yako siisaini, na mwaka unaurudia. Nyie wengine, kilichosomwa hapa kinabaki hapa.

Askofu hajafika hata kwenye ngazi, simu ikaita. Ni mchumba wake mwenyewe, aliyezoea kumwita Fundi, mshona nguo mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake.

– Askofu wangu, hujambo?

– Sijambo mama. Vipi kazi?

– Kazi nzuri. Nimeongea na nesi wa wodi ya baba. Kaniambia kuna mwanafunzi wa uchungaji anakaa na mzee kila siku. Mpole, mrefu, ila viatu vyake vinapiga kelele kama mlango wa choo.

Askofu akaegemea ukuta.

– Sasa najiuliza, Fundi aliendelea, ni wachungaji wangapi nchi hii wana viatu vya hivyo?

– Ni mimi.

– Nilikuambia usiende.

– Uliniambia.

– Haya. Kakwambia kwa nini hakutaki?

– Kaniambia.

– Kwa nini?

– Siwezi kukuambia.

– Nini?

– Kaniambia kama mgonjwa. Ni ya mzee kuisema, siyo yangu.

– Mimi ndiye naolewa. Au unataka kumuoa yeye?

– Muulize yeye.

– Nimemuuliza miaka miwili, anageukia ukutani. Nakuuliza wewe kwa mara ya mwisho. Baba kasema nini?

– Siwezi.

Simu ikakatwa. Dakika tano baadaye ukaingia ujumbe:

“Unajua kitu kuhusu maisha yangu halafu unakaa nacho? Niambie.”

Akajibu: “Ni ya mzee kuisema, siyo yangu. Nisamehe.”

“Basi hakuna mimi na wewe. Kesho nakuja kumuona baba, nisikukute.”

Akaandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Sentensi mbili tu zingemrudishia mchumba wake, na alikuwa nazo kidoleni. Akaizima simu akaitia mfukoni.

Kesho yake saa nne kamili, kwii kwii mpaka kitanda cha kumi na moja. Mzee alikuwa amekaa, mguu mmoja umefungwa bendeji hadi gotini.

– Karibu kijana. Leo umechelewa, nilitaka tumalizie ile habari ya jana.

– Mzee, kabla hujaniambia neno lingine. Yule kijana anayemchumbia binti yako ni mimi. Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuficha na nimekosa.

Mzee akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

– Siku tano unakaa kwenye kiti hicho.

– Ndiyo mzee.

– Jana nimelia mbele yako.

– Ndiyo mzee.

– Na ulivyotoka hapa ukampigia ukamwambia yote.

– Sijamwambia.

– Muongo. Toka.

Askofu akatoka. Hakujitetea. Akarudi kile chumba nyuma ya stoo ya mashuka akakaa peke yake na karatasi nyeupe.

Saa saba, muda wa kuona wagonjwa, Fundi akaingia wodini na begi begani. Akambusu baba yake kwenye paji la uso, akanyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

– Mguu vipi, baba?

– Mguu upo. Huyo mchumba wako kakwambia nini?

– Mchumba gani? Nimeachana naye jana.

Mzee akashtuka.

– Kwa nini?

– Kagoma kuniambia ulichomwambia. Nimebembeleza, nimetukana, nimemwacha kabisa. Anaimba wimbo mmoja tu. Shika simu, soma mwenyewe.

Mzee akavaa miwani. Akausoma ule ujumbe mara moja, akaurudia midomo ikichezacheza. Ni ya mzee kuisema, siyo yangu. Akairudisha simu.

– Umemwacha kabisa na bado hajasema?

– Hajasema. Jeuri.

– Siyo jeuri, mwanangu. Mimi nilipokuwa kwenye kazi hiyo sikuwa na mdomo mgumu namna hii.

– Kazi gani, baba?

Basi mzee akaanza. Akasema yote, bila kugeukia ukutani, kuanzia ule msiba alioitiwa mpaka mlango wa leba aliorudi kuukuta wazi. Fundi alisikiliza, kamshika mkono, machozi yanashuka na hayafuti.

– Miaka ishirini na sita, alisema mwishoni. Kila siku ya kuzaliwa kwangu nilidhani unanuna kwa sababu ya hela za keki.

Mzee akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

– Nilikuwa naogopa, alisema. Nilidhani ukiolewa na mchungaji, na wewe utaachwa peke yako mlangoni. Mwite huyo kijana.

– Baba, mimi nimeshamwacha. Usimpokee kwa niaba yangu.

– Mwite tu.

Akapiga. Muda si muda, kwii kwii, korido nzima. Askofu akasimama miguuni mwa kitanda kama mtu aliyeitwa polisi.

– Nimemwambia mwenyewe, alisema mzee. Kwa upande wangu nimekusamehe. Upande wa pili huo hapo.

Fundi akakunja mikono.

– Siri ya baba sawa, ilikuwa ya baba. Ila kuja kwa mzazi wangu kwa kujificha, nikaambiwa na nesi, hiyo ilikuwa ya nani?

– Ya kwangu. Hiyo nilitakiwa kukuambia, na sikukuambia.

– Utanificha tena?

– Ya watu nitaficha. Ya kwangu sitaficha.

Mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili, aliyejifanya kalala, akafungua jicho moja.

– Vua kwanza hivyo viatu, alisema Fundi. Nashindwa kukusamehe nikiviona.

Mzee akainua kidole.

– Sharti langu ni moja. Siku mwanangu anajifungua, simu yako utanipa mimi niipokee.

– Nitakupa, baba.

Msimamizi alisoma ripoti ya mwisho, mistari arobaini na mbili, akafika kwenye swali la chini. Askofu alikuwa ameandika: “Alikuwa pale nilipoacha kujificha.” Msimamizi akapiga mstari mwekundu chini yake, akaandika pembeni, “Fupi. Inatosha,” akasaini fomu.

Harusi ilifungwa baada ya miezi minane. Mzee alimshika binti yake mkono, fimbo mkono wa pili, na bwana harusi alivaa viatu vipya. Vililia vilevile.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, wanaume wawili walikaa kwenye benchi nje ya leba. Simu ikaita. Askofu, sasa mchungaji kamili, akaiangalia, uso ukabadilika. Mzee akanyoosha kiganja. Mchungaji akampa.

– Haloo... Mchungaji yuko na mke wake... Nani kafariki? Pole, mama. Pole sana.

Mzee akasikiliza, macho kwenye mlango wa leba.

– Hapana, yeye leo hatoki hapa. Mazishi mtapanga naye baadaye. Leo nakuja mimi kukaa na nyie. Mimi? Niliwahi kuwa mchungaji.

Akakata simu, akaitia mfukoni mwake. Akatazama ndala alizokuja nazo.

– Wewe unavaa viatu namba ngapi?

– Arobaini na mbili.

– Lete.

Mkwe akabaki na ndala mbele ya mlango wa leba. Mzee akaondoka na fimbo yake, kwii kwii, akaishia mwisho wa korido. Dakika kumi baadaye mlango ukafunguliwa, nesi akachungulia.

– Baba wa mtoto yupo?

– Nipo.