Insha Isiyokuwa na Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla ya kengele kulia, wasichana wa bwenini waliamshwa na sauti ya Kichwa. Alitembea ukumbini, kutoka mlango wa bafu hadi kwenye ngazi na kurudi, kitabu amekibana kwapani, midomo ikienda mbio. Alikuwa anakariri.

"Jamani, Kichwa! Hata jogoo hupumzika!" alilalamika mwenzake wa chumbani, msichana waliyemwita Mdomo kwa sababu hakunyamaza ila akiwa amelala.

"Usingizi hauendi ng'ambo," alijibu Kichwa, akaendelea.

Jina hilo la utani alipewa tangu shule ya msingi. Mpe ukurasa leo, kesho atakurudishia mzima mzima, hata nukta haidondoki. Walimu walikuwa wakimsimamisha mbele ya wageni, aseme sura nzima, na wageni wakipiga makofi. Kwa kukariri alishinda mitihani yote, na kwa kukariri akachaguliwa kuingia mwaka wa matayarisho. Huo ni mwaka wa kuwafundisha wanafunzi kuandika, kujadili na kuchunguza mambo, ili wakifika vyuo vikuu vya nje wasipotee. Aliyefaulu alipanda ndege. Aliyeshindwa alirudi kwao. Mama yake, fundi cherehani, alikwisha kuwatangazia wateja wote, hata wale waliokuja kupunguziwa suruali tu: "Binti yangu anakwenda kusoma ng'ambo!"

Basi ukaja mtihani wa kwanza wa insha: Kwa nini miji mingi haina maji ya kutosha? Kichwa nusura acheke. Sura iliyohusu jambo hilo alikuwa ameimeza yote kutoka kitabu cha maktaba. Akaandika bila kupumzisha kalamu, wenzake wakimtazama kwa kijicho.

Insha ziliporudishwa, yake haikuwa na alama. Ilikuwa na maneno mawili tu: "Njoo ofisini."

Mwalimu wa insha aliitwa Wembe, ila si mbele yake. Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Mezani alikuwa ameweka insha ya Kichwa, na kando yake kitabu cha maktaba kikiwa wazi.

"Kaa," alisema. "Uliingia na karatasi kwenye mtihani?"

"Hapana, Mwalimu! Haki ya Mungu, sikuingia na kitu."

"Sasa maneno ya kitabu yamefikaje huku, neno kwa neno?"

Kichwa akashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu! "Nimeyakariri, Mwalimu." Na ili kumtoa wasiwasi, akasimama, akafumba macho, akaanza kuusema ukurasa unaofuata. Alikuwa amefika katikati Mwalimu alipomwamuru aketi. Akaketi akingoja sifa.

"Mwanangu," alisema Wembe polepole, "huu ni wizi."

"Wizi? Nimeiba nini, Mwalimu? Sikuchungulia!"

"Umechukua kazi ya mtu, ukaitia jina lako. Huko mnakokwenda, mtu hufukuzwa chuo kwa jambo hili. Hapa, kosa la pili ni safari ya kwenu. Nakubali kwamba hukujua. Kwa hiyo hii ni sifuri, na Ijumaa utaniletea nyingine, swali lilelile. Kabla sijaipokea utanieleza ulichoandika. Nataka mawazo yako wewe."

Mawazo yake yeye! Kichwa alikaa mezani, kalamu mkononi, na kila sentensi iliyomjia alijua imetoka ukurasa gani. Akaandika, akafuta. Akaandika, akachana. Alijaribu kukumbuka jambo moja tu alilowahi kuwaza mwenyewe, asilione. Alikuwa kama mtu aliyefungua kabati lake akakuta nguo zote ni za jirani. Chakula kikamshinda. Akawa anakwenda bafuni, anafungulia maji kwa nguvu, ili wenzake wasimsikie akilia.

Mama akapiga simu. "Msomi wangu, vipi huko?"

"Salama, mama. Mambo yanakwenda vizuri." Simu ilipokatika, alijiona mwongo asiye na haya.

Mdomo akamhurumia, na huruma nyingine ni mashaka. "Binamu yangu alimaliza hapa mwaka jana, anangoja safari yake tu," alimnong'oneza. "Kwake insha ni kama kunywa chai. Nimwambie akuandikie?"

"Si ndiyo wizi wenyewe huo?"

"Maji yamekufika shingoni, bado unauliza kamba ni ya nani?"

Kichwa alijua la kujibu. Lakini aliuona uso wa mama yake, akawaona na wateja wote wakiuliza, "Vipi, mbona amerudi?" Akasema, "Mwambie."

Insha ililetwa Alhamisi, safi, tamu kuisoma. Na Kichwa akaifanya nini? Akaikariri!

Ijumaa alisimama mbele ya Wembe, karatasi mkononi, akaimwaga yote bila kukwama. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nyumbani kwenu, maji mnapataje?"

Kichwa aliitafuta ile insha kichwani, juu mpaka chini. Jibu halikuwemo.

"Haya, basi nipe hiyo karatasi," alisema Mwalimu, akanyoosha mkono.

Mkono wa Kichwa ukagoma.

"Siwezi, Mwalimu," alisema, na machozi yakamtangulia. "Si yangu. Nimeandikiwa. Nimejaribu, Mwalimu, nimejaribu, sina kitu! Sijui kuwaza. Najua kukariri tu. Na nikirudi nyumbani sijui nitamwambia nini mama." Akalia kwa kwikwi, kama mtoto mdogo. Moyoni alikwisha kufunga mizigo.

Wembe akaurudisha mkono wake. Alingoja kilio kipungue.

"Nilikuuliza swali, hujanijibu. Maji mnapataje?"

"Bo... bombani," alisema Kichwa, akijifuta pua. "Tunapanga ndoo alfajiri. Mtu akiwahi kazini anaiacha ndoo yake, jirani anaisogeza. Lakini mara nyingi yanakatika hujafikiwa."

"Kwa nini?"

"Kitabu kinasema mvua siku hizi ni..."

"Sikukiuliza kitabu. Nimekuuliza wewe."

"Kwa sababu bomba kubwa limepasuka kule gereji, tangu niko darasa la tano. Maji yanamwagika kutwa. Vijana wanaoshea pikipiki pale, wanajipatia riziki. Fundi akija kuziba, akiondoka tu wanatoboa tena. Sisi wa mtaa wa juu tunakauka." Akasita. "Kwa hiyo kwetu si kwamba maji hayatoshi. Yanatosha, ila hayafiki. Kitabu... samahani, Mwalimu, kwetu kitabu kimekosea."

Pembe za midomo ya Wembe zikacheza. "Unaomba samahani ya nini? Umebishana na kitabu, na ushahidi unao. Umesema huna mawazo. Hayo niliyosikia ni ya nani?"

Kichwa akaitazama ile karatasi aliyoishika.

"Karatasi hiyo bado iko mkononi mwako, sijaipokea. Ungenipa, lingekuwa kosa la pili, na leo hii ungekwenda kwenu, nami nisingekuwa na la kukusaidia. Ichane. Kisha kaa meza ile, uandike ulichoniambia."

Aliandika mpaka mchana. Sentensi nyingine zilikuwa fupi kama za mtoto, nyingine zilipinda zikapotea njia. Palipokuwa na wazo la kitabu, Mwalimu alimwonyesha jinsi ya kulitaja kwamba ni la kitabu. Wembe alisahihisha papo hapo kwa wino mwekundu, karatasi ikawa kama imeugua surua. Alama zilitosha kufaulu, kwa tabu. Zilikuwa ndogo kuliko zote alizopata maishani, na Kichwa alizitazama kwa furaha ambayo hakuielewa.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Wembe, akivua miwani. "Kukumbuka ni kipaji, usikitupe. Lakini huko uendako vitabu vyao wanavyo kabatini. Hawahitaji binti apande ndege kwenda kuwasomea. Wasichokuwa nacho ni ulichokiona wewe. Cha kuazima hakisitiri maungo, hata kiwe kizuri vipi. Na siku usipojua, sema hujui, kwangu na kwa mama yako. Wanafunzi wote wangekuwa wanajua, mimi ningekuwa nyumbani nalea wajukuu."

Kichwa akaitikia. Akageuka aondoke, kisha akarudi. Pembeni mwa sentensi yake ya mwisho, ile ya vijana wanaolitoboa bomba, wino mwekundu ulikuwa umeuliza: wafanyweje hao, nao wana njaa?

"Mwalimu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aanze shule hakuona aibu kulisema, "hapa sijui."

"Hata mimi sijui," alisema Wembe. "Vuta kiti."