Kipara Ndani ya Sahani

Mlango wa ghala la baridi ulikubali kwa teke la pili.

Mpelelezi Msumari alijitupa ndani, bastola mkononi. Risasi ikampita juu ya sikio. Akajibu kwa moja, na mlinzi akaanguka nyuma ya majokofu.

Lakini alikuwa amechelewa.

Kwenye sinki, mtunza majokofu wa genge la magendo alikuwa akimimina klorini ndani ya chupa ya mwisho.

"Amri ni amri," alisema, mikono juu. "Tukivamiwa, kisibaki kitu."

Msumari alimfunga pingu kwenye bomba. Bintiye alikuwa hoi wodini, kaliwa na bakteria wasiosikia dawa. Bakteria mmoja tu ndiye aliyejua kuwaua, kwa sumu anayowatengenezea wapinzani wake, naye genge hili lilimwiba maabara limuuze. Sasa kateketea sinkini.

Akabonyeza kifaa cha sikioni.

"Dada, wamemwua."

Dada yake ndiye aliyemgundua bakteria yule.

"Jenomu yake, ile ramani ya jeni zote, si mnayo kwenye kompyuta?" Msumari alisihi. "Mtengenezeni upya."

"Tunayo, kaka. Jeni za ile sumu nazijua zote. Lakini kuiunda kutokana na data tu ni kazi ya miezi. Mtoto hana hata wiki."

Msumari alitaka kupiga mtu. Akapiga teke pipa la taka. Sahani ndogo ya plastiki ikabiringika sakafuni, kifuniko kikapasuka.

"Hiyo imeharibika," mtunza majokofu alisema. "Mnunuzi alitaka na bakteria wa ugonjwa. Niliwaotesha, wakatanda sahani nzima kama ukungu. Hiyo ikaingia uchafu, ikaota kipara."

"Kaka." Sauti ya dada ilibadilika. "Katikati ya kipara pana kidoa?"

Msumari aliinama.

"Kipo. Cheupe."

"Huyo si uchafu. Ni yeye, kawafyeka wenzake waliomzunguka. Mlete akiwa hai."

Nje, gari la genge likafunga breki. Milango ikabamizwa. Msumari alisukuma sahani ndani ya shati, akapita dirishani huku vioo vikimwagika mgongoni. Redio ikakoroma.

"Mnunuzi tumemnasa," alisema mkuu wake wa polisi. "Uko wapi?"

"Naelekea hospitali."

Dada alimpokea mlango wa nyuma wa hospitali, glavu mkononi. Akaitazama sahani, kisha akalitazama shati lililolowa majimaji ya sahani.

"Kidoa kizima. Nitakisoma jenomu nihakikishe, na leo hii naanza kukiotesha." Akarudi nyuma hatua moja. "Lakini wale wa ugonjwa wamekupaka kifua kizima. Wodini huingii, kaka. Utawaua watoto wa watu."

"Anaendeleaje?"

"Anakuulizia wewe tu."

Dirisha la wodi lilikuwa hatua chache. Mtoto alimwona kupitia kioo, akajiinua kwa kiwiko, akanyoosha mikono yote miwili abebwe.

Msumari alimpungia. Mikono ile haikushuka.

Akageuka kabla machozi hayajamtoka, akaenda zake taratibu, kama mtu asiye na jambo.