Nukta ya Kijani

Lifti ilikwama kati ya ghorofa na ghorofa, mchana wa jua kali, watu wamebanana kama njiti kwenye kiberiti. Mtafiti mmoja, ndani ya gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka, alianza kuhema. Nyuma yake sauti ikanong'ona:

"Dada, ukizimia hapa utazimia umesimama. Pa kuangukia hakuna."

Akacheka bila kutaka. Alipogeuka alimwona kijana mrefu, shati jeupe, mkasi na kichana vimechungulia mfukoni.

"Wewe kinyozi?"

"Kinyozi. Na wewe?"

"Natengeneza programu za simu, za kuwasaidia wenye huzuni."

"Basi Mungu katukwamisha makusudi," alisema, na kicheko chake kikaishia njiani.

Mapenzi yao yakaota kama uyoga. Mtafiti akambandika jina la Mkasi. Kwa wateja Mkasi alikuwa mcheshi, lakini tangu amzike mama yake kulikuwa na siku alizoamka na kifua kizito, akaacha duka limefungwa, akageukia ukutani. Mtafiti akamnunulia simu yenye ile programu. Ilijua mtu ametembea kiasi gani, amelala vipi, ameongea vipi na watu. Akiwa mzima, simu ya mtafiti ilionyesha nukta ya kijani. Akianza kuzama, nyekundu. Mkasi aliambiwa habari za kupimwa. Habari za nukta hakuambiwa.

Kila alipozama, alipigiwa.

"Laazizi, umeniingia moyoni ghafla. Umekula?"

"Umejuaje kama sijala?"

"Moyo wangu una macho, wewe!"

"Mwanamke mchawi huyu!" Akacheka, akainuka, akaoga, akafungua duka. Aliuamini moyo ule kuliko dawa.

Jioni moja, sebuleni kwa mtafiti, simu yake ililia mezani. Mkasi akatupa jicho: jina lake, na kando yake nukta nyekundu. Mtafiti akatoka jikoni akifuta mikono, akaitazama, akaifunika, akamkumbatia.

"Kipenzi, mbona moyo wangu unaniambia huna raha?"

Mkasi akajitoa mikononi mwake, akaaga. Kesho yake alimpa dada yake ile simu aliyonunuliwa. Dada huyo alikuwa mchuuzi wa nguo, mguu na njia, mdomo haupoi.

"Tembea nayo. Akipiga, mwambie naumwa, aje."

"Na asipopiga?"

"Basi."

Akajilaza gizani, akangoja.

Nukta ikawa kijani tupu. Mtafiti, kazi zimemfika shingoni, aliiona akamshukuru Mungu: mtu wangu anatembea, anaongea, hajambo. Hakupiga. Siku zikapita, hakupiga.

Alipokwenda hatimaye, na gauni lake la buluu na tabasamu lake, alimkuta kinyozi ndevu zimemfunika uso, mbavu zinahesabika.

"Mkasi! Mbona hukuniambia? Nukta ilikuwa..." Akajiuma ulimi.

"Malizia. Ilikuwa ya kijani. Simu ilikuwa sokoni na dada. Mimi nilikuwa hapa."

"Ulinitega!"

"Nilidhani unanikumbuka, kumbe unakumbushwa."

"Nisamehe, laazizi. Nitakuja mwenyewe, kila siku, kwa miguu yangu."

"Nimekusamehe, Mungu shahidi. Ila nguvu za kungoja zimeniishia." Akamrudishia kiganjani ile simu ambayo dada aliileta asubuhi hiyo, akaufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Kesho yake mtafiti alikuta kufuli. Dada mtu alikuwa amekaa kizingitini, nguo zake za biashara zimelala chini, mdomo umepoa.

"Wifi, hata mimi hakuniaga."

Tangu siku ile, mtafiti akitoka kazini hupita mtaa kwa mtaa, duka la kinyozi hadi duka la kinyozi, akichungulia kwenye vioo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ameijua maana yake, na wa kumsogelea hayupo. Humwomba Mungu amhifadhi popote alipo. Simu ya Mkasi hutembea nayo mkobani, haizimi, pengine mwenyewe ataipigia.

Leo miguu ilimshinda, akaketi kwenye ngazi za jengo lile lenye lifti, mkoba wenye simu ya Mkasi magotini. Simu yake mwenyewe ikalia. Akaikamata kwa pupa.

Nukta ilikuwa ya kijani. Chini yake palikuwa na maneno aliyoyatunga mwenyewe zamani, kwa furaha:

"Mtu wako ametembea sana leo. Hajambo."