Uzito wa Boti Tupu

Meli ilikuwa gatini na jua linazama serahangi, mkuu wa mabaharia, alipomtuma fundi akajaribu kreni ya boti ya uokoaji.

"Ishushe mpaka majini, uipandishe. Kesho mkaguzi anakuja."

"Peke yangu?"

"Unaogopa boti tupu, mzee mzima?"

Fundi hakucheka. Wiki sita nyuma, mdogo wake alikuwa ameanguka na boti ile ile, akafa maji. Mkono wa breki haufungwi. Unauinua na kuushikilia boti ishuke; ukiuachia, boti inasimama. Siku ile fundi aliufunga juu kwa kitambaa chekundu, apate kuwasha sigara. Boti ikaporomoka. Watu walipofika, alikwisha kufungua fundo na kukitupa kitambaa baharini. Kwa wakubwa na kwa mama yao alisema neno moja tu: breki ilikufa.

Akamtaja Mungu, akauinua mkono wa breki. Boti ikashuka. Ikagusa maji.



Akaanza kuzungusha mpini wa winchi kuipandisha. Uzito wa boti tupu mikono yake iliujua. Leo ilikuwa nzito zaidi...

Zaidi kwa mtu mmoja.

Harufu ya sigara ikapanda kutoka chini. Kisha kikohozi, cha kifua kilichojaa maji.

"Kaka... polepole."

Akasali sala zote alizofundishwa utotoni, huku jasho likimtiririka, na mpini hakuuacha.

"Nakupandisha, mdogo wangu. Safari hii sikuachi."

Boti ilipofika usawa wa sitaha, uzito ukatoweka ghafla. Ndani hamkuwa na mtu. Benchi moja lilikuwa limelowa, na juu yake kitambaa chekundu. Fundo alilolifungua kwa mikono yake lilikuwa limefungwa tena.

Akakitupa baharini mara ya pili, akakimbia nyumbani.

Alimkuta mama yake amepiga magoti mlangoni, anakausha sakafu kwa kanga yake.

"Mdogo wako katoka sasa hivi," alisema taratibu, bila kuinua macho. "Kalowa chapachapa. Nikamuuliza, mwanangu, kilichokuangusha ni nini? Akasema, 'Kaka anacho mfukoni.'"

"Mama, umeota."

"Na maji haya nimeyaota?"

Fundi akatia mkono mfukoni.

Mfuko ulikuwa umelowa.

Mama akanyoosha kiganja, akangoja.